Radhi Aliyoifuata Sheikhan

Mume wangu, Taib, alikufa uso umemfura mviringo kama sinia. Waliomwosha walisema alikuwa amenenepa. Lakini miguu yake ilikuwa vijiti.

Baridi yabisi ndiyo iliyomsumbua. Sheikhan, muuza dawa za miti hapa Kibokoni, akampa unga wa mizizi, na Taib akatembea. Tulimwombea dua Sheikhan. Uso ulipoanza kufura, watu wa barazani wakawa wauliza, "Taib, wala nini siku hizi?" Sheikhan akaona jina lake litaharibika. Akamwambia, "Acha unga leo leo, wala usiseme uliupata kwangu."

Taib akaacha. Akalegea, akatapika, hata kikombe hakuweza kukishika. Hatukuwahi kumfikisha hospitali.

Nikakaa eda, mvua za El Nino zikipiga bati. Mwenye eda hatoki, lakini dirisha ninalo. Nilimwona Sheikhan akifunga vikaratasi vya unga ule ule, akiwapa kina mama. Kopo la Taib lilikuwa bado chini ya kitanda. Nikampa Priscah, mpangaji wangu wa juu.

Priscah ni mwanasayansi, mtu wa Kaloleni. Utafiti wake ni wa homoni, dawa ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, na jinsi watu wanavyoziiga maabarani. Akarudi na kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe.

"Mama, hapa niliweka tone la dawa ya hospitali, homoni ya kupunguza uvimbe. Kando yake, tone la unga wa baba. Kibao kikinyonya kimiminika, matone hupanda nacho; haya yamepanda pamoja, yamesimama pamoja. Nimepima na kwa njia nyingine, ni ile ile."

"Huenda mizizi inayo."

"Hii haimo mizizini. Ni ya kiwandani. Mtu alisaga vidonge akavichanganya."

Akanieleza kwamba mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake. Ukikatiwa ghafla, hauna ya nje wala ya ndani. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

"Kuna polisi, mama."

"Kwa polisi Sheikhan atakana. Ngoja Hija, mwaka huu aenda."

Kwetu anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba akitaka radhi. Eda ilikwisha, nikangoja.

Sheikhan akaja alasiri moja, kanzu imenyooka kwa pasi. Nyuma ya pazia nilikuwa nimewaketisha wateja wake, tangu niliposikia yu mtaani akitaka radhi, na Mwanakuu, jirani yangu, aliyekwisha kuanza kufura mashavu.

"Hodi, Bi Swafia. Nimekuja kutaka radhi. Kama nilikukosea kwa lolote, nisamehe."

"Lolote lipi?"

Akacheka. "Ah, dada, si ndivyo tusemavyo sote?"

"Wewe litaje."

"Bi Swafia, safari ni kesho."

"Basi litaje upesi. Haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe asamehe. Wewe wajua hilo kuliko mimi."

Nikaliweka kopo mbele yake. Akalitazama.

"Nilitia vidonge," akanong'ona. "Lakini watu walikuwa wakipona."

"Na kuacha ghafla? Hukujua kwamba kunaua?"

Akalisogeza kopo kando. Kisha, "Aliyeniuzia alinionya."

Pazia likafunguka. Mwanakuu akatoka ameshika shavu.

"Na mimi, Sheikhan? Mimi ungeniambia niache lini?"

Wakatoka na wengine. Sheikhan akapiga magoti. "Nimetaja, Bi. Nipe radhi yangu!"

"Nilikuambia utaje. Sikusema nitakupa."

"Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe!"

"Naam. Nawe waenda nyumbani Kwake, kamwombe. Kwangu mimi hupati."

Mwanakuu na wenziwe walikwenda hospitali na Priscah, wakapunguziwa dawa polepole. Uso wa Mwanakuu umerudi wake. Sheikhan alikwenda Hija, akarudi. Duka limefungwa, hakuna amwendeaye. Watu humwita Haji. Mimi namwita Sheikhan.

Kila Ramadhani ikikaribia hutuma mtu kuulizia radhi. Simjibu. Kopo la Taib nimeliweka dirishani, upande wa njia, alione kila apitapo kwenda kuswali.