Za Bure

Walimwita Sindano kwa sababu mpira wake ulipita katikati ya ringi bila kugusa chuma. Mchana alisuka nywele saluni, jioni alifunga vikapu uwanjani. Alifunga akikimbia, akiruka, hata akianguka chali huku mabeki wawili wamemning'inia. Watu wakamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye alilitia maji mahali pamoja tu: kwenye mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa rafu, ukasimama mstarini peke yako bila mtu wa kukukaba. Wanawake wa timu yake waliiita "za bure."

Mazoezi yakiisha wenzake walijipanga kutupa za bure. Sindano alikuwa ameshavua viatu.

"Cha bure nacho kinafanyiwa mazoezi?" aliwatania. "Nafunga nikiwa nimekabwa na wawili, nitashindwa nikiwa peke yangu?"

Maneno matamu hayo, ila akiwa peke yake ndipo alipokuwa akikosa, tena nusu kwa nusu. Na kila akikosa, wa kulaumiwa hakukosekana. Mara upepo, mara mpira umejazwa mno, mara mwamuzi amempigia filimbi sikioni. Kocha alikuwa kaka yake wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyependa kurudia neno. Alimwambia azifanyie mazoezi, akamwambia tena, kisha akanyamaza.

Wapinzani hawakunyamaza. Walishajua dawa yake: mechi ikikaribia kwisha wanamvaa Sindano makusudi, anapewa za bure, anakosa, wao wanaondoka na mpira. Mechi zikapotea hivyo, wachezaji wakinuna njia nzima ya kurudi. Ndipo kaka alipoanza kumtoa. Dakika za mwisho zikifika anaita jina la mwingine, na Sindano anakwenda benchi kujifunika taulo kichwani.

"Unaniaibisha, kaka," alimwambia nyumbani, sahani bado ziko mezani. "Mfungaji wako anakaa benchi mechi ikiwa imeiva?"

"Mdogo wangu, hizo unazoziita za bure ndizo zinazotugharimu."

"Niamini basi."

"Kupenda nakupenda, wewe ni damu yangu. Kuamini ni habari nyingine."

Sindano aliingia chumbani akalia kwa hasira, na hasira ilipoisha akaendelea kulia kwa sababu kaka alisema kweli. Ilibaki mechi moja. Wakifungwa, timu inashuka daraja. Aliitaka mechi ile, na zaidi ya yote alizitaka dakika zake za mwisho.

Sasa, kwenye timu alikuwemo mwanamke mmoja wa ghala la saruji, mabega mapana, waliyemwita Gunia. Akikimbia ungedhani anasukuma kabati. Lakini mstarini hakosi. Sindano alikuwa amemcheka miaka yote, na jioni iliyofuata ilibidi ameze kiburi na kumfuata.

"Dada," akasema.

Gunia akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa. Yeye alizoea "we Gunia."

"Ni wewe, dada. Nifundishe za bure."

"Haya, makubwa! Kweli kinyozi hajinyoi." Gunia alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akamwonea huruma. "Kimbia kwanza. Nenda rudi, mpaka nikwambie basi."

Alikimbia hadi miguu ikamlegea, ndipo akapewa mpira. Akakosa. Akakosa tena. Wenzake waliokuwa wakifungasha mabegi wakakaa chini kuangalia, wengine wakaguna, na mmoja aliangua kicheko. Sindano alitamani ardhi ipasuke.

"Umeona?" Gunia akamwambia taratibu. "Mkono wako unajua kukimbia, kusimama haujui. Ukikimbia huna nafasi ya kuwaza. Hapa unasimama, unausikia moyo wako, unaanza kujiuliza watu watasemaje. Mimi sina kipaji, mwenzio, kwa hiyo kukosa mbele za watu nilishazoea. Wewe unaogopa. Ndiyo maana ulikuwa unawahi kuvua viatu."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa hakuwa amemwambia mtu. Akaokota mpira.

Tangu siku hiyo akawa anakosa hadharani kila jioni. Mwanzoni aliona aibu, baadaye akachoka kuona aibu, na mpira ukaanza kuingia. Kaka yake alipita akiwa na funguo za stoo mkononi, akatazama, kisha akaenda kufunga. Saluni wateja walilalamika kwamba anasuka huku akihesabu pumzi kama yuko mstarini.

Siku ya mechi wapinzani walitangulia kwa pointi moja na muda ulikuwa unayoyoma. Kaka akasimama kumwita wa kuingia badala yake. Sindano alimkimbilia mpaka ukingoni.

"Kaka, nikikosa nitoe, hata kwenye timu nitoe. Lakini leo niache."

Kaka akamkazia macho, akajikuna shingo, kisha akamrudisha kwenye kiti yule aliyekwisha simama.

Wapinzani walifanya kama kawaida yao. Sindano alipoupata tu mpira, walimvaa. Za bure mbili. Akavuta pumzi, akatupa, mpira ukagonga chuma ukatoka. Uwanja mzima ukaguna. Aliusikia ule mguno wote, na moyo wake, na mtu wa jukwaani akisema "si nilisema." Aliogopa sana. Lakini kuogopa akiwa amesimama hapo alishakufanyia mazoezi. Akainua mkono tena, na safari hii wavu tu ndio uliotikisika.

Sare. Wakaongezewa muda, na mpaka filimbi ya mwisho kaka hakumtoa. Walishinda kwa kikapu cha Gunia, chini kabisa ya ringi, kibaya kuliko vyote vilivyofungwa siku hiyo. Sindano akamkumbatia akilia waziwazi.

Kesho yake kocha alifika kufungua stoo, akamkuta dada yake mstarini, jasho linamtoka, mpira wake mwenyewe mkononi.

"Leo si mapumziko?" akamuuliza. "Na jana si tulishinda?"

"Jana nilikosa moja," Sindano akasema, akatupa.