Birika la Mama Chemsha

Mtaani wananiita Mama Chemsha, na jina hilo nimelipata kihalali. Miaka ishirini nilifanya kazi hospitalini, chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Kwangu mdudu ni mdudu. Habari za mdudu mzuri sikuzijua wala sikuzitaka.

Nilipostaafu nikachimba bwawa nyuma ya nyumba, nikaweka perege. Kundi la kwanza likafa lote, la pili likafuata. La tatu lilipoanza kukataa chakula, matumbo yamevimba, mume wangu hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliagiza lori la udongo, likamwagwa pembeni ya bwawa.

"Wakifa na hawa, nafukia," akasema. "Nimechoka kukuona unalia."

Kweli nilikuwa nalia. Tangu nistaafu, bwawa lile ndilo lililokuwa likinitoa kitandani asubuhi.

Bwana samaki, yule afisa anayezungukia wafugaji, alikuwa ameshaniletea unga wa bakteria wazuri, wa kuchanganya na chakula ili matumbo ya samaki yapate nguvu. Nikachanganya kila siku, wiki tatu nzima. Wapi! Nikampigia simu nikamtolea uvivu, nikamwita tapeli. Akasema tu, "Pole, mama, nitapita kuangalia." Nikamkatia.

Jumamosi akaja wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi naye hatukuwa tukiiva chungu kimoja. Anauza mtindi, na mimi miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuuonja, maana najua ni wadudu wanaougandisha. Akanikuta jikoni, birika linafuka mvuke, namimina maji yanayotokota juu ya ule unga.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Chakula cha samaki. Kwani huoni?"

"Si kaka ameniambia huo unga una bakteria hai?"

"Ndiyo. Nawasafisha kwanza."

Akakaa chini akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nilitaka kumfukuza, haki ya Mungu. Alipopata pumzi akafuta machozi.

"Wifi yangu, mimi nikitia chachu kwenye maziwa ya moto, kesho yake sina mtindi. Inakufa. Wiki tatu samaki wako umewalisha marehemu!"

Nikachukua pakiti. Imeandikwa waziwazi: maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo siku ya kwanza kabisa, nikasema moyoni, hawa wamekosea.

Hakunisimanga. Akapandisha mikono ya gauni, akapima maji kwa kiwiko kama anayetaka kuogesha mtoto. "Chemsha, sawa, roho yako itulie. Ila yaache yapoe." Akakoroga unga, akanyunyizia chakula, akakianika kivulini kikauke kidogo, tukalisha siku ileile. Kisha akawa anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, kwa sababu, alisema, haniamini nikiwa peke yangu na birika.

Wiki ya kwanza walikufa watatu. Ya pili hakufa hata mmoja. Ya tatu nilirusha konzi moja tu ya chakula, maji yote yakachafuka kwa midomo na mikia. Nikapiga kelele kama mwehu. Nikampigia bwana samaki nikamwomba radhi, naye akasema, "Mama, mimi nilishasahau." Mungu ambariki yule kijana.

Kesho yake nikaamka nikamkuta mume wangu kwenye ule udongo, ameshika koleo. Nikatoka mbio bila viatu.

"Acha! Wanakula! Wazima!"

"Najua wazima," akasema. "Naweka tuta la bwawa la pili. Dada anasema hili moja halikutoshi."

Sikurudi kuvaa viatu. Nilikwenda hivyohivyo mpaka kibandani kwa wifi yangu, nikamkuta anapanga vikombe.

"Nipe mtindi," nikamwambia.

"Nikuchemshie?"

"Nipe hivyohivyo."

Nikanywa kikombe kizima mbele yake, machozi yananitoka. Ulikuwa mtamu. Nikamwambia asante, wifi, nikamwomba na cha pili.