Sukari Guru Isiyoyeyuka

Irine, mama Magige, alikuwa na diploma ya lishe, jokofu dogo na mama mkwe. Viwili vya kwanza alivipata kwa jasho lake. Wa tatu alikuja na ndoa, na ndiye aliyemtoa jasho kuliko vyote, hasa mwezi wa pili, saa tisa alasiri.

Nyumbani kwao Manchira saa tisa ilikuwa saa ya chai. Bibi Ghati, mama mkwe mwenyewe, alitaka chai iliyochemka juu ya kuni mpaka ikainua mfuniko, mvua inyeshe au jua lipasue mawe. Ya gesi alisema inanuka gesi. Kwa hiyo kila siku Irine aliacha alichokuwa akifanya, akajitumbukiza kwenye jiko la mabati, akatoka humo na macho mekundu kama mtu aliyefiwa. Kisha familia nzima iliketi uani ikinywa moto na kujipepea kwa mifuniko ya ndoo.

Mwaka huu akasema basi. Atatengeneza chai ya baridi, ya matunda.

Mara ya kwanza aliloweka majani ya chai tangu asubuhi, akaenda kufua, akasahau. Ikawa chungu. Mumewe Stanslaus alikunywa nusu kikombe, akauliza kama dozi ni kutwa mara mbili au mara tatu. Mara ya pili mkono wa Irine ulikwenda wenyewe kwenye maziwa, maana ndivyo mkono ulivyozoea, na pasheni ikayakata yakawa mabonge. Akampa mbwa. Mbwa akanusa, akaenda kulala kwa jirani.

Mara ya tatu alitumia akili aliyosomea. Majani vijiko vinne, maji yaliyochemka, afunike dakika tano kwa saa ya ukutani na si kwa kukisia, achuje. Nanasi likatwe vipande vidogo na kuchemshwa kidogo na tangawizi na sukari. Pasheni sita zikamuliwe kwenye chujio. Vyote vichanganywe vikishapoa, viingie jokofuni, na kila kikombe kipate vipande viwili vya barafu. Alipoonja, alikaa chini. Ilikuwa tamu na kali na baridi, na hakukuwa na moshi popote.

Bibi Ghati hakutaka hata kuigusa. Alisema chai baridi ni chai iliyolala, na chai iliyolala hupewa mgeni unayetaka aondoke. Alikuwa amekaa katika mji huu wa mumewe miaka arobaini na sita bila kuambiwa na mwanadamu yeyote kwamba chai yake imepoa, na hakukusudia kuanza uzeeni.

"Mama, kikombe kimoja," Irine akasema. "Ukikinywa mpaka chini, sitawasha moto saa tisa mpaka mvua zianze. Ikifika Jumapili hujanywa, nitarudi jikoni na sitasema neno tena."

"Hutasema neno?" Bibi Ghati aliuliza, na hilo ndilo lililomvutia. "Nimekubali."

Stanslaus aliteuliwa kuwa shahidi. Alisema yeye hana upande, akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Tangu Jumatatu Irine alimwekea bibi kikombe, na tangu Jumatatu bibi alikitazama mpaka barafu ikayeyuka. Ijumaa alikifunika kwa sahani, kama anavyofunikwa mtu asiyetakiwa kuonekana. Ikabaki Jumamosi. Irine alianza kuchagua kuni kwa moyo mzito.

Jumamosi hiyo, saa tisa kasoro, pikipiki ilisimama nje. Alikuwa Mzee Machage, mdogo wa marehemu baba mkwe, anayeishi Nyanungu. Alikuwa ametoka Issenye kuangalia fahali na alipita kusalimia tu. Pikipiki ilikuwa inamngoja. Angekunywa chai na kuondoka.

Neno hilo liliwagandisha wote. Machage aliwahi kuacha kutembelea mji fulani miaka mitatu kwa sababu aliletewa ugali uliopoa. Na jikoni hakukuwa na moto, na gesi ilikuwa imeishia kwenye nanasi la asubuhi. Kulikuwa na jagi moja tu, jokofuni.

Irine hakupoteza muda. Alimimina kwenye vikombe vya bati, akatia barafu, akapiga goti kusalimia, akaweka sinia, akarudi mlangoni. Kueleza hakuweza. Katika mji huo mke wa mwana hasimami kuongea na baba mkwe, mkubwa au mdogo; anaweka chakula na kujitoa. Angekuwa na diploma kumi bado angebaki pale mlangoni, mdomo umefungwa.

Na ilikuwa desturi kwamba mwenye mji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Mwenye mji alikuwa Bibi Ghati.

Aliinua kikombe. Akanywa funda. Irine aliona mabega yakipanda, jicho moja likifumba, vidole vya miguu vikijikunja ndani ya kandambili. Sasa bibi alikuwa na njia mbili: aseme chai imelala mbele ya shemeji yake, miaka arobaini na sita iishie hapo, au aseme jambo jingine.

"Karibu, shemeji," alisema. "Angalia usiungue."

Machage akapuliza. Akanywa. Akamtazama shemeji yake mkubwa, ambaye naye alikuwa anapuliza kikombe chake kwa bidii. Mtu mwenye adabu hawezi kumwambia mjane wa kaka yake kwamba ni mwongo.

"Ni ya moto kweli," akasema. "Tazama, hata kikombe kinatoka jasho."

Walikunywa. Walipuliza na kunywa, wakazungumza habari za fahali. Kisha kitu kikagonga meno ya Machage, naye akakitafuna kwa kishindo ambacho mbuzi walikisikia.

"Sukari guru yenu," alisema, "bado haijayeyuka."

"Ni ya mwaka huu," akajibu Bibi Ghati bila kupepesa. "Ngumu sana."

Stanslaus alianza kukohoa, akaombwa akakohoe mbali.

Machage hakuwa mtu wa kuweka kikombe chini kabla ya mwenyeji wake, na Bibi Ghati hakuwa mtu wa kumbakishia mgeni mashaka. Akainua, akamaliza, akakigeuza kikombe juu chini kwenye sinia, tone la mwisho likaanguka. Mlangoni Irine alimtazama mumewe. Stanslaus, machozi yakimtoka, aliinamisha kichwa mara moja kama refa anayekubali goli.

Mzee aliomba kikombe cha pili. Wakati wa kuondoka alimwambia Stanslaus, "Mura, kijana wangu, huyu mke wako anajua kuchemsha chai." Kisha akauliza kama anaweza kumpelekea mkewe ile sukari guru kidogo. Irine alileta vipande vinne. Machage akavifunga kwenye leso, akaviweka mfuko wa koti, akapanda pikipiki. Kabla hajafika kona, koti lilikuwa limelowa mpaka kwenye goti.

Jioni alipiga simu. Sukari yenu nzuri, alisema, lakini haivumilii safari.

Bibi Ghati hakuzungumzia kikombe kile, wala dau, wala nani kashinda. Irine naye hakumuuliza. Alijua ushindi ukipigiwa kelele hukimbia. Alirudisha kuni zote kwenye banda.

Jumapili, saa tisa, bibi alitoka na kigoda chake, akaketi kivulini, akanyoosha kikombe.

"Mama Magige. Jana ulitia sukari guru ngapi?"

"Mbili, mama."

"Leo tia nne."

Irine akatia nne. Zikagongana kwenye bati. Bibi Ghati alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni taratibu, akakipuliza.