Maji Kichwani mwa Kaka

Dada mmoja, mtaalamu wa mashine ya MRI, alimlaza kaka yake mwenyewe kitandani, akamwekea kichupa cha maji safi kando ya sikio.

"Hicho cha nini, mdogo wangu? Nikishikwa na kiu?"

"Cha kulinganishia. Tunapima kiasi cha maji katika kila sehemu ya ubongo wako. Kichupa ni maji matupu, mashine ikikisoma vibaya tutajua inadanganya."

Kaka mtu alicheka. Alikuwa fundi bomba. "Miaka yote naziba mabomba ya watu, kumbe maji yananivujia mwenyewe!"

Alikuwa na uvimbe ubongoni, mahali pasipofikika kwa kisu. Kilichobaki ni dawa ya kukausha maji yaliyouzunguka.

Alipoanza dawa, kutapika kukakoma. Akavaa viatu mwenyewe, akalalamika chakula hakina chumvi. Mkewe hakujiweza kwa furaha. "Wifi," alimwambia dada mtu, "mume wangu amerudi!"

Wakarudi kupima. Picha ilipotokea, dada mtu aliinamia skrini. Maji yalikuwa yameongezeka, yamevuka hadi upande wa pili wa ubongo. Mashine imekosea, alijiambia. Akampima upya, huku kaka akinung'unikia baridi. Majibu yakawa yale yale. Akaangalia kichupa, akiomba kisomeke ovyo. Kilisomeka maji matupu, sawasawa.

Daktari aliitazama picha. "Dawa imemchangamsha tu," alisema. "Haijakausha kitu."

Nje, kwenye benchi, mke alikuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati.

"Haya wifi, tupe habari njema. Yamepungua, eh?"

Dada mtu alianza kupanga upya karatasi mkononi. Kaka yake akamtazama, akaelewa.

"Mwache apumue kwanza," alimwambia mkewe. "Kazi yake inachosha."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Maneno yakaanza kumpotea: kijiko kikawa "kile", mkewe akawa "yule". Asubuhi moja, mkewe akimbadilishia shuka, kaka mtu akakata roho.

Mazishi yalipokwisha, wanawake hao wawili walibaki chumbani wakikunja nguo zake.

"Siku ile pale kwenye benchi," mjane aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na yeye?"

"Alijua."

Mjane alichukua shati jingine, akalikunja, akalikunjua, akabaki amelishika.