Aliyemwigiza Makarius

Njia nzima kutoka Kasulu hadi Kibondo, Mwalimu Ghati aliomba kitu kimoja tu: Makarius asijue. Vumbi la Julai liliingia kwenye Noah ya kukodi, wenzake wakajifunika vitambaa puani, yeye akawa anatazama nje kama mtu aliyegombana na gari zima. Walikuwa wanakwenda kwenye ibada ya arobaini ya rafiki yake Josephina, aliyeondolewa na homa ya wiki moja. Kiti cha nyuma alikaa Mwalimu Philemon, ambaye hakuwahi kukutana na marehemu wala mumewe Makarius, lakini huyo mume alimjua kuliko alivyowajua shemeji zake.

"Aisee, leo namwona Makarius mwenyewe!" alisema Philemon.

"Funga mdomo," Ghati alimkata. "Tunakwenda msibani."

Maana Ghati, jamani, alikuwa na kipaji, na alikifanyia nini? Mwaka 2012 alikuwa anafundisha Kibondo, shule moja na Josephina. Josephina huyo, mtoto wa Keko, Dar es Salaam, mwenye viatu vya kisigino na kochi la vitambaa vya kufuma, akaolewa na mkulima wa maharage na mihogo upande wa Mabamba. Watu walishika vichwa. Mke analala saa sita akisahihisha madaftari, mume anaamka saa kumi kwenda shamba. Wakikutana kitandani ni kama walinzi wanaopokezana zamu. Kwenye lile kochi Makarius hakukaa hata siku moja. "Limevaa vizuri kuliko mimi," alisema, akavuta kigoda chake. Josephina alipong'ang'ania kwenda naye kupalilia, alikwenda na mwavuli. Basi Makarius akaweka jembe chini, akamshikia mkewe mwavuli hadi jua likapoa. Majirani waliicheka palizi hiyo msimu mzima.

Halafu yale maua. Josephina alimwambia kwamba mume anayempenda mkewe humletea maua. Jioni mume akatokea na fungu la maua ya maboga, limefungwa kwa kamba ya mgomba. "Mwalimu, maua ndiyo haya," akasema, kwani hata nyumbani alimwita mwalimu. "Yakichoka tutayala." Josephina alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nusu akayatia kwenye glasi mezani, nusu sufuriani.

Mambo hayo Josephina alimsimulia Ghati kama shoga anavyomsimulia shoga mwenzake, macho yanang'aa kwa mapenzi. Ghati akayabeba mazima mazima hadi ofisi ya walimu. Alijua kuinua mabega kama Makarius, kupiga yale makofi ya taratibu Waha wanayosalimiana nayo, kuyavuta maneno kama anavyoyavuta yeye. Alipohamishiwa Kasulu mwaka uliofuata, aliwahamisha na Makarius na mkewe. Kila sherehe ilikuwa, "Ghati, tupe Makarius!" Naye, bila haya, akawapa.

Sasa mwenyewe alikuwa anakuja kuwapokea chini ya turubai, amekonda, shati jeupe limepigwa pasi upande mmoja tu. Akainua mabega. Akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye, walimu. Poleni na vumbi."

Philemon alivumilia hadi uso ukamvimba, kisha kicheko kikamponyoka. Akakigeuza kikohozi, lakini wapi, waombolezaji wote walishageuka. Ghati alitamani ardhi ipasuke immeze na mkoba wake.

"Mwache acheke," alisema Makarius. "Najua unaniigiza, Mwalimu Ghati. Josephina aliniambia zamani. Tena yeye alikuwa anakuigiza wewe unavyoniigiza mimi. Tulicheka mpaka mbwa wakabweka."

Ghati aliitafuta hasira usoni mwake, hakuiona, na hapo ndipo aibu ilipomzidi. Angetukanwa angejua la kujibu, matukano anayaweza.

"Shemeji, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kaa." Makarius alimvutia kiti, naye akakaa karibu yake. "Nina ombi. Siku hizi nikimkumbuka namwona, ila simsikii. Sauti yake inanitoka, shemeji, na mimi naogopa. Wewe una kipaji. Mwigize ananiita. Jina langu tu, mara moja."

Makarius akafumba macho, mikono magotini.

Ghati alifungua mdomo, akaitafuta ile sauti. Katika masimulizi yake yote, maneno ya Josephina alikuwa anayapita mbio, mke akasema hivi, mke akasema vile, ili awahi kufika kwa Makarius watu wacheke. Alikuwa amekaa meza moja na mwanamke yule, wakigawana chapati na siri, na sasa hakujua kama jina la mumewe alilivuta mwanzoni au mwishoni. Kumbe sikio lake lote alikuwa amempa mume, tena kwa kumdhihaki. Ghati hakuwahi kumsikiliza rafiki yake. Alijiona mwizi, tena mwizi aliyeacha cha thamani akabeba takataka.

"Makarius," alisema. Ilitoka kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Akajaribu tena, kwa upole zaidi. "Makarius." Hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mwanamke mmoja benchi la nyuma aliinamisha kichwa, Philemon akatazama viatu vyake.

Makarius hakufumbua macho upesi. Alibaki vile vile, shingo imesogea mbele kidogo, akisubiri. Mwishowe mwanaume yule alifumbua macho, akampigia Ghati makofi yale ya taratibu ya heshima.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Ndiyo yeye kabisa."

Kisha akainuka haraka, akaenda kuwamiminia wageni chai.