Meza ya Wawili, Penye Taa

...wanane, sema wanane, mwanamke, fungua kinywa useme wanane yaishe, lakini kinywa kimemkauka, na yule binti wa ofisi ya safari amekaa na kidole juu ya kibonye, anangoja, anatabasamu kama mtu aliyeuliza chai ya maziwa au ya rangi, hajui kwamba amemkalisha mama wa watu juu ya kaa la moto, "Mama, chakula cha jioni mtakaa meza ya wawili, au zile za watu wanane, mnachanganyika na wenza wengine?" swali jepesi, swali la kitoto, na mumewe amelisukumia kwake, hakumtazama, alimwambia yule binti, "Hilo la meza muulize mama," kama kawaida yao, kama nyumbani, na yeye sasa amebaki na swali mapajani kama mtoto wa mwenzake, wanane, watu wanane mezani ni boma, mbele yao hakuna mtu wa kukuinamia akakwambia jambo... jambo, ndilo neno lililomkaa kooni tangu asubuhi kama mwiba wa samaki, tangu kitinda mimba wake alipopiga simu, "Mama, baba amesema ana jambo la kukuambia," jambo gani, "hakusema, amesema atakuambia mwenyewe, hukohuko melini," halafu akacheka huyo binti yake, "mtaongea wenyewe, mama, mimi nimestaafu ukarani wenu," akakata simu, na yeye akabaki amesimama na chombo sikioni, mwenyewe, amwambie mwenyewe, tangu lini?

Maana nyumbani kwao watu wawili wale hawasemezani, wala si kwa ugomvi, ugomvi ulikuwepo zamani, ulikuwa mdogo kama chawa, nani alisahau kufunga bomba, nani alisema nini mbele ya mama mkwe, siku moja yeye alimwambia kifungua mimba, "Mwambie baba yako chakula tayari," na baba yake akajibu, "Mwambie mama yako nimesikia," nuno likaisha, njia ikabaki, wakaizoea kama watu wanavyozoea mlango wa nyuma hata wa mbele ukaota kutu, watoto nao wakakua wakibeba maneno, wengine waliyabeba na chumvi juu yake, wa katikati alikuwa mwongo mzuri, baba akisema "mwambie mama yako chumvi imezidi" yeye anakuja jikoni, "baba anasema mama umependeza leo," wakicheka, kwa kweli walicheka sana, haikuwa nyumba ya msiba... halafu watoto wakaolewa, wakaoa, wakapata kazi mbali, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeng'oa mbao za daraja huku wewe uko katikati, ukabaki ubao mmoja, kitinda mimba, naye akahama, ikabaki simu yake ya jioni, mumewe anaipokea, anafungua sauti mpaka mwisho, nyumba nzima inasikia, halafu wanampa yule mtoto maneno ya siku nzima awagawie, na kila mtu anakwenda chumbani kwake, maana vyumba navyo ni viwili, yeye hulala chumba cha wasichana, alihamia humo wakati kitinda mimba alipougua, mtoto akapona, mama hakurudi... "Mama?" anasema binti wa ofisi, "usiwe na haraka, mtandao wenyewe unazunguka tu hapa," na anazungusha kidole hewani, asante mtandao, zunguka, zunguka mpaka jioni wafunge ofisi.

Kimoja, alisema kimoja, hilo ndilo lililomtisha zaidi, binti alipouliza, "Kabini yenu, kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo?" mumewe hakupepesa, "Kimoja," binti akamgeukia yeye, "Mama, sawa?" naye akasema, "Mwambie mzee atakavyo," binti akawatazama, huyu, yule, "Jamani, mama yuko hapo ubavuni kwako, mzee, au niwaitie mkalimani?" wakacheka wote watatu, na yeye alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu anayeteleza, kitanda kimoja, kwa nini kimoja, mtu anayetaka kukuacha haombi kitanda kimoja, au ndivyo wanavyofanya, kuagana kwa adabu, maana shoga yake mshona mapazia aliachwa hivyohivyo, alipelekwa kula hotelini, akavalishwa, akashibishwa, talaka ikaja baada ya matunda... siku tatu majini, usiku tatu, ardhini kuna mlango, kuna jirani, kuna kwa dada, mtu ukiambiwa neno zito unachukua kanga yako unatoka, majini utatoka uende wapi, utashuka uende kwa samaki? Au ni mgonjwa, Mungu wangu, ameanza kukonda mashavu, au ni macho ya woga ndiyo yanayomkondesha, kazi imemwisha mwaka huu kinuni, maisha yake yote fundi wa mitambo ya kusaga unga, wanaume wakistaafu huanza kufa polepole kama taa ya mafuta, amepimwa, ameambiwa kitu, anataka kumwambia mahali ambapo hataweza kupiga yowe... au mwanamke, yuko mwanamke, kimya chote hiki cha miaka hii si cha bure, kimya kingi kina mshindo mkuu, alikuwa mtu wa redio huyu, alilala nayo, aliamka nayo, taarifa, mpira, nyimbo za zamani, siku moja akaichukua akampa mlinzi wa jirani, hivihivi, redio nzima, akasema nini, "Mwambieni mama yenu imenichosha," mtu anayechoka redio yake amechoka nyumba yake, hata mtoto mdogo analijua hilo.

Na masharti yake! Yeye cherehani imemfundisha kusoma mshono, ukitazama upande wa nyuma wa nguo unajua fundi alikuwa na nia gani, basi upande wa nyuma wa masharti ya huyu mzee unatisha, kabini mbali na mitambo, alisema, "mbali kabisa, mwanangu, hata kama ni juu, hata kama ni ghali," yeye aliyelala miaka na ngurumo za kinu masikioni, leo mitambo inamsumbua, anataka utulivu wa nini, na ukumbi wa chakula, binti alipoonyesha picha, vitambaa vyeupe, bilauri, jukwaa la bendi, mzee akaweka kidole kwenye kona, "Kama ni ya wawili iwe hapa, bendi iwe mbali, na taa iwe hapa juu," taa, mezani anataka taa, wenza wanataka mshumaa, huyu anataka taa kama ya chumba cha polisi, amkalishe chini yake amwone uso akimwambia, anaitaka sura yake yote ianguke mbele ya macho yake... hapana, wanane, wanane na kelele, wanane na mtu mmoja mlevi anayesimulia habari za wajukuu, wanane na bendi ipige mezani kabisa, apigiwe tarumbeta sikioni hilo jambo lisisikike.

"Ngoja niwape ramani ya meli mkiwa mnafikiri," anasema binti, anainuka, anakwenda kwenye kabati la nyuma, viatu vyake vinagonga sakafu, amewapa mgongo, anapekua, na huku anapekua anasema, "Mzee, kuna chakula usichokula? Wapishi wanataka kujua mapema," na mumewe amekaa na mikono magotini, anaitazama meli ndogo ya plastiki iliyo juu ya meza, anatabasamu kidogo, hajibu, "Mzee?" anasema binti kwenye kabati, "chakula, kuna usichokula?" anatabasamu, hajibu, ona dharau, ona kiburi, ndivyo anavyomfanya yeye nyumbani, leo anamfanya mtoto wa watu asiye na kosa, akataka kumpiga kiwiko, binti anageuka, ramani mkononi, anakuja, uso kwa uso, "Mzee, nasema, kuna chakula usichokula?" na mzee papo hapo, kwa upole, kwa adabu yake yote, "Pilipili, mwanangu. Pilipili na mimi ni kesi," binti anacheka, anaandika, na yeye hacheki, kuna kitu kimepita ubavuni mwake, baridi, kama mtu amefungua mlango nyuma yake, maana mtu mwenye dharau hajibu hivyo, mtu mwenye dharau akiulizwa mara ya tatu anajibu kwa ukali, huyu amejibu kama swali ni la kwanza... ni la kwanza. Kwake ni la kwanza. Na kiti, walipoingia alikivuta, yeye alidhani anamkwepa, alikivuta kikamkabili binti kabisa, na macho, anayaweka wapi macho, siku zote alidhani mumewe anatazama watu kwa jeuri, hatazami machoni, anatazama chini kidogo, pale midomo inapocheza, na simu, sauti mpaka mwisho, yeye akidhani anataka asikie anavyosemwa, na redio, masikini redio, "imenichosha," na taa, Mola wangu, taa, si uso wake anaoutaka chini ya taa, ni midomo, anataka kuiona midomo yake, na bendi mbali, na mitambo mbali, kile kinu kimekula masikio ya mume wake kikishiba unga, na yeye mkewe hakujua, angejuaje, hakumsemeza, watoto waliokuwa wakiyabeba maneno walikwenda kusimama mbele ya baba yao na kuyasema kwa sauti kama watoto wanavyosema, nyumba iliyozoea tarishi haiwezi kujua kwamba kwenye upande mmoja sanduku la barua limeziba, jirani yeyote wa kawaida, mke yeyote mgomvi wa kawaida, angelijua kwa wiki moja, "we mzee mbona nakuita huitiki," lakini wao, wao na ustaarabu wao...

Hilo ndilo jambo, halina lingine, na angetarajia woga umtoke kama pumzi, badala yake umemjaa upya, mwingine, maana amekumbuka, hakutaka kukumbuka, kuna jioni moja kitinda mimba hayupo, yeye alitoka chumba cha wasichana na mto wake mkononi, mto, kama mtoto, akasimama mlangoni pa chumba chao, mumewe amempa mgongo anakunja mashati, moyo unampiga kama pedali ya cherehani, akasema, yeye mwenyewe, bila tarishi, "Naomba nirudi," akasema tena, "Nimechoka kulala peke yangu, naomba nirudi," na ule mgongo haukutikisika, shati likakunjwa, mkono juu ya mkono, kola ikanyooshwa, jingine likachukuliwa, akarudi na mto wake, akaufunga mlango polepole asije akajulikana amelia, na kuanzia hapo alijua, alidhani anajua, aliapa hatamwomba mwanamume huyu hata maji ya kunywa, akamshonea mashati, akampikia, akamtumia maneno kwa mtoto, na kila usiku, ukutani upande wa pili, mtu yule alikuwa amelala akijiuliza nini, kwamba mkewe alikwenda kumuuguza mtoto asirudi, wala hakusema neno, hata moja, hivyo ndivyo anavyojua yeye, kwake yeye yale maneno hayajawahi kusemwa duniani... kwa hiyo si miaka ya dharau, ni miaka ya watu wawili waliokataliwa na hakuna aliyekataa, unamlilia nani, unamlaumu nani, kinu?

"Haya, mtandao umerudi," anasema binti, kidole kiko palepale juu ya kibonye, tabasamu palepale, "mama, tulifika kwenye meza, wawili au wanane?" na mumewe anaisoma midomo ya binti mpaka inyamaze, halafu anageuka, anamtazama yeye, chini kidogo ya macho, na kwenye paji lake kuna jasho ingawa feni inazunguka, huyu naye anaogopa, amebeba siri ya masikio yake kama mtu aliyebeba yai kinywani, akapanga meli nzima na bahari yake ili apate mahali penye taa na pasipo na mtoto wa kupeleka maneno, na yeye alikuwa anataka kumletea tarumbeta... angesema wanane sasa hivi angemwona anavyoinamisha kichwa na kusema kwa adabu, sawa, mwandikie mama wanane, na wangekwenda, wangekula na walevi, wangerudi, vyumba viwili. Wawili basi. Lakini akisema wawili hataishia hapo, anajijua, hilo ni neno la kwanza tu, nyuma yake kuna lile la mlangoni, atalazimika kulisema tena, usoni, penye taa, polepole, midomo ionekane, bila mgongo wa kusingizia, na akikataa safari hii atakuwa amekataa kweli, na ule ukuta aliouegemea miaka yote, hakunitaka, nilimwomba hakunitaka, hautakuwepo tena nyuma yake... anakivuta kiti chake, kinakwaruza sakafu, binti anainua nyusi, anakigeuza mpaka amkabili mumewe, mwanga wa dirisha unamwangukia usoni wote, mikono anaibana mapajani, "Mama?" anasema binti, na hamwangalii binti, anaitazama ile sura inayongoja midomo yake, hofu iko palepale, imehama tu ubavu, jambo la mumewe halimtishi tena, linalomtisha ni neno lake mwenyewe, kwa kuwa safari hii litafika.