Redio ya Nthenya

Tezo ya tatu ilirudishwa Jumanne, imepasuka. Mchongaji aliyeileta hakugomba hata kidogo; aliiweka juu ya fuawe, akasema pole mzee, akaenda zake. Heri angemtukana! Pole ile ilimuuma mhunzi Ndeti, maana aliijua: huyu harudi tena.

Kasikeu nzima ilimjua kwa kutia vyuma makali. Lakini sifa ile, jamani, nusu yake ilikuwa ya Nthenya. Macho ya Ndeti yaliingia ukungu mwaka wa uhuru, na tangu hapo mkewe ndiye aliyeketi kwenye kigoda karibu na makaa, akitazama rangi ya chuma. Ikifika anapiga kelele, "Toa!" naye Ndeti anazamisha majini. Miaka kumi na moja walifanya hivyo. Kisha Nthenya akafa, na mzee akabaki akikisia.

Mwalimu Mutie, anayefundisha sayansi, alikuja kuchukua jembe lake akaiona ile tezo.

"Mzee, unachoma kupita kiasi. Ndani ya chuma kuna chembe zimeshikana kwa mpangilio wake. Moto ukifika kiwango chake zinaachana, zinashikana upya kwa mpangilio mwingine. Zikikaribia hapo, sumaku hainasi tena. Hapo ndipo uzamishe. Macho ya nini?"

"Na sumaku nitaitoa wapi?"

"Kwenye spika ya redio yoyote mbovu."

Redio ya Ndeti haikuwa mbovu. Ilikuwa ya Nthenya. Kila Jumapili waliimba nayo nyimbo za kanisa, na sasa ndiyo sauti pekee iliyobaki nyumbani. Siku mbili aliipapasa akairudisha mahali pake. Siku ya tatu hakuja mteja, wala wa kumsalimia tu. Akachukua bisibisi. Alilia, tena kwa sauti, kwani nani angemsikia?

Akaifunga sumaku kwenye waya, akatia tezo mpya motoni, akavuta mivukuto. Akagusisha: ikanasa. Akangoja, akagusisha tena: ikanasa. Mara ya sita sumaku ikateleza tu, isishike kitu.

"Toa!" Ndeti akajipigia kelele mwenyewe.

Akaizamisha, maji yakafoka. Alipoigonga ikalia vizuri, nzima. Moyo ukamruka kwa furaha, akageukia kile kigoda amwonyeshe Nthenya, tezo ameishika juu, na maneno yakiwa tayari mdomoni.